Mjukuu wangu aliandika "Changia" kwenye tovuti yake, watu wakaja na unga na kuni wakidhani amekufa

Wakuu, kama humu kuna aliyenizidi umri, shikamoo yake hiyo hapo. Wengine wote nasubiri zangu.

Haya yametokea kwangu, Mahongole, hapa Makambako, mbele ya macho yangu. Shule niliishia la nne, kwa hiyo herufi zikigombana mtanivumilia. Majina sikosei.

Nina mjukuu, Tumaini, binti wa mwanangu Zakaria. Ana tovuti yake inaitwa Baridi Kali. Anaandika bei ya viazi na parachichi, barabara ipi imekatika, nani kafariki na mazishi yako wapi. Watu wetu walioko mbali wanategemea hapo. Hana bosi, hana kampuni, anazunguka mwenyewe na simu yake.

Sasa kumbe tovuti inalipiwa. Mimi nilidhani ukishaiweka imekaa. Ni kama fremu ya duka tu, usipolipa unatolewa.

Mwaka huu hela ya kulipia hakuwa nayo. Akaniambia, bibi, mwezi huu ukiisha sijalipa wanaizima, na ikizimwa mimi naenda Iringa kusimama kwenye duka la mjomba.

Nikamuuliza, hao wote wanaosoma wanakulipa nini? Akacheka. Hicho kicheko sikukipenda.

Alishajaribu, msidhani hakujaribu.

Kwanza aliweka matangazo ya watu wa mtandaoni, yale yanayojileta yenyewe. Wakuu, tulifiwa na mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, Tumaini akaweka tangazo la mazishi. Ukifungua, juu ya picha ya marehemu limekaa tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Mjane wake, Melania Mwalongo, mpaka leo hajanisemesha vizuri. Kana kwamba hiyo dawa nauza mimi.

Akayatoa. Akaweka kufuli kwenye bei za viazi, usome kwa kulipia. Jirani yangu Filemoni Nyagawa akamwomba mtu aliyelipia ampigie picha ile bei, akairusha kwenye kundi la kwaya. Asubuhi Makambako yote inayo.

Nikamfuata Filemoni. Tulibatizwa siku moja huyu, kwa hiyo simwogopi. Akaniambia redio ni bure, kwa nini mjukuu wako auze maneno. Nikamwambia wewe mbona viazi vyako huvigawi. Akasema viazi vinalimwa. Ndivyo alivyonijibu. Mtoto anatoka na baridi ya asubuhi kwenda kuulizia bei hadi Kitandililo, huko siyo kulima?

Basi rafiki yake mmoja wa Njombe mjini, anayejua kupamba hizo tovuti, akamwambia waombe wasomaji wachangie wenyewe, kwa hiari. Akamtengenezea.

Nisikilizeni hapa vizuri.

Wakaweka picha ya Tumaini juu kabisa, pale pale yanapokaa matangazo ya misiba. Wameifanya nyeusi na nyeupe, eti inapendeza. Chini yake wameandika: "Tumetoka mbali pamoja. Bila wewe, safari yetu inaishia hapa. Changia kwa namba hii."

Mtu wa kwetu asome nini hapo?

Siku hiyo Tumaini alikuwa ameondoka na gari la asubuhi kwenda Njombe kwenye mkutano wa wakulima wa parachichi. Mimi niko nyuma ya nyumba nachuma majani ya maboga. Namwona Yusta Mligo anaingia, kajifunga kitenge kiunoni, ndoo ya unga kichwani, analia. Nyuma yake Huruma, mke wa Isaya wa mashine ya kusaga, na maharage. Nyuma yao wanawake wa jumuiya.

Nikajiuliza, msiba uko kwa nani huku, mbona sijaambiwa.

Yusta akatua ndoo, akanishika mabega. "Jikaze, Mama Zakaria."

"Nijikaze na nini?"

Akaangalia wenzake. "Kwani hawajakwambia? Tumaini."

Wakuu, nilikaa chini pale pale kwenye maboga. Nikasema nipeni simu. Nikapiga, yule dada akasema haipatikani. Nikapiga tena, akasema vile vile. Nikawaza barabara ya Njombe na zile kona zake na ukungu wa asubuhi. Nilimlea tangu hajaota meno.

Filemoni akaingia na mzigo wa kuni begani. Hakunitazama. Akaushusha, akavua kofia, akaanza kupanga moto bila kusema neno. Hapo ndipo niliamini. Filemoni hajawahi kunyamaza mbele yangu.

Nikalia. Sitaki kusimulia nililiaje.

Mchana ukasogea. Watu wamejaa, sufuria kubwa imeshatoka kanisani. Mara Tumaini anatokea getini na mfuko wa parachichi.

Anaona umati. Anaona kuni. Mimi nimelazwa ndani, hanioni. Simu yake iliisha chaji, hajui chochote. Akatupa mfuko, akajipiga chini, "Bibi yangu jamani, nimemwacha mzima."

Watu wakaona marehemu analia. Huruma alikimbia hadi barabarani.

Mimi nikasikia sauti, nikatoka. Tukatazamana, mimi na yeye, kila mmoja ana msiba wa mwenzake. Nikamshika uso. Wa moto. Nikamshika tena.

Halafu nikamchapa kibao cha mgongo.

Ilipoeleweka, Yusta akakaa kwenye ndoo yake. "Kwa hiyo tumelia bure."

Filemoni akawaka. "Nimeona picha, nimeona safari imeishia hapa, nimeona changia. Mlitaka nisome nini kingine?"

Hapo nilimkubalia, maana na mimi ningesoma hivyo hivyo.

Kilichonichosha ni hiki. Tumaini alipowasha simu, rambirambi zilikuwa zimeingia. Za watu wa Dar, wa Mbeya, hata Ipelele kule Makete. Wale wale waliosoma miaka yote hawatoi kitu. Mtoto akiwa hai hawana, amekufa nusu siku wanazo.

Akawarudishia, mmoja mmoja, anaomba radhi. Mimi nilikasirika lakini alifanya sawa. Wengine wakazikataa, wakamwambia baki nazo, kumbe ni wewe unayetuandikia, tulidhani ni kampuni.

Hawakujua kama nyuma ya yale maandishi kuna mtu.

Na ule unga na maharage? Kwetu ulichobeba kwenda msibani hurudi nacho nyumbani, utakuwa unaubeba na msiba wenyewe. Yusta akasema na hili lilikuwa kosa la mtoto, siyo la maharage. Tukapika, tukala, na marehemu akala kuliko wote. Yaliyobaki tukayapeleka sokoni. Pamoja na zile zilizokataa kurudi, tovuti ikalipwa. Iringa hajaenda.

Ile picha ameitoa. Sasa ipo ya rangi, kashika jembe, na chini pameandikwa: "Ninayeandika ni Tumaini wa Zakaria, wa Mahongole. Niko hai. Ukitaka niendelee, leta ulichonacho." Wa mbali wanatuma kwa simu, wa karibu wanaacha debe la viazi getini. Siyo wote. Wengi bado wanasoma na kuondoka.

Nilichojifunza: ukitaka msomaji akulipe, ajue kwanza kuna mtu anayekula. Na neno "changia" mlichunge. Matangazo ya misiba yabaki bure, hapo nimemkataza.

Ninyi wenye tovuti zenu humu, mnalipwaje? Semeni, mtoto asome. Na wewe uliyezoea kusoma kimya na kupita, leo andika hata neno moja.

Filemoni Nyagawa, najua na wewe umo humu. Kuni zimekwisha.