Onja Kwanza

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo chungu cha pombe ya mtama kilikuwa kimejaa hadi mdomoni, wageni wameketi wakikizunguka, na hakuna hata mmoja aliyekunywa. Mji wetu wa Bujumbura ulikuwa bado unaitwa Usumbura. Mbelgiji alikuwa bado anatutawala, ingawa kila mtu aliona amekwisha shika begi mkononi. Siku hiyo mdogo wangu Felista alikuwa anaposwa, na nitakueleza jinsi maneno mawili tu yalivyotaka kumkosesha mume.

Kwanza ujue nyumba yetu ilivyokuwa. Baba alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mama alikuwa Mrundi wa milimani. Walitutoka wote wawili nikiwa bado msichana, wakafuatana kama watu walioagana. Nikaacha shule, nikashika cherehani. Nilishonea kwenye baraza la duka la Mwarabu mmoja kule Asiatique, mtaa wa maduka ya Wahindi na Waarabu, na kwa sindano hiyo niliwalea wadogo zangu watatu: Gaspari, Venasi na Felista. Waliniita Yaya, yaani dada mkubwa, na ndani ya neno hilo walikuwa wamewaweka baba na mama. Yatima hangoji kukua, anaamka asubuhi moja anakuta amekwisha kua.

Gaspari alipata ukarani bandarini, akavaa soksi ndefu hadi magotini. Venasi akawa fundi wa magari, mikono ina grisi na hasira ziko karibu. Ukiwatazama ungesema hawakunyonya ziwa moja, lakini walipendana. Samaki akiwa mezani, Venasi alikuwa akimsogezea kaka yake kichwa bila kuombwa, kwa sababu Gaspari alipenda kichwa tangu utotoni.

Kisha yakaja maneno ya Uhuru.

Ninyi mliozaliwa chini ya bendera yenu mnadhani sote tulitaka jambo moja kwa saa moja. Sivyo, mwanangu. Pale nilipokuwa nashona, mfanyabiashara mmoja aliapa kwamba Mbelgiji akiondoka biashara itakufa, na jirani yake akamjibu kwamba babu yake aliuza chumvi hapa kabla Mbelgiji hajajua njia. Kwenye bomba la maji la mtaani kwetu Bwiza wanawake walibishana mpaka ndoo zikapinduka. Na nyumbani kwangu ugali ulipoa wawili hawa wakipigana maneno.

"Mi nasema tungoje kidogo," Gaspari alikuwa akisema. "Nani ataendesha kreni ya bandari? We Venasi?"

"Kwani leo nani anaiendesha? Muzungu anakaa kivulini, mutu mweusi ndiye anavuta."

"Hukuona shangazi alivyokimbia vita ya Kongo, akavuka mto Rusizi na godoro kichwani? Ndio uhuru wa haraka huo!"

"Na mutoto anayebebwa mgongoni mpaka anaota ndevu, kaka, huyo atatembea lini?"

Taabu yangu ni kwamba kila mmoja akisema nilimwona ana haki. Godoro la shangazi lilikuwa limeegemea ukuta wetu, nisingeweza kusema Gaspari anaongopa. Na kofi alilopigwa Venasi na bwana wa gereji mbele ya wateja nililiona kwa macho yangu. Basi nikaendelea kushona.

Ubishi ukageuka matusi. Venasi akamwita kaka yake "soksi ya Babeleji", yaani ya Wabelgiji. Gaspari akamwita mdogo wake "debe tupu". Siku walipokunjana mashati nikaona nitafute amani: nikagawa chakula. Gaspari akawa anakula wa kwanza, akishaondoka ndipo Venasi anaingia na kukuta sahani yake. Nyumba ikatulia, nami nikajisifu moyoni kwamba nimezima moto. Lakini moto uliofunikwa kwa majani makavu haujazimwa, umepewa chakula.

Sasa nikuambie desturi, maana hapo ndipo penye mwiba. Kwetu pombe ya mtama hunywewa katika chungu kimoja, kila mtu na mrija wake wa tete. Wakija wageni, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya macho yao, ili wajue hakuna sumu. Kwa Kirundi tunasema gusogongera. Ni heshima ya mgeni. Ndugu hamwambii ndugu yake aonje. Kumwambia mtu wa damu yako "onja kwanza" ni kumwambia: wewe unaweza kuniua.

Wakwe walitoka Musaga. Msemaji wao alikuwa babu yake bwana arusi, Mzee Nzobonimpa, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akitafuna kila neno kabla ya kulitoa. Nilikuwa nimewasihi ndugu zangu wakae pamoja, kwa siku hiyo moja tu. Wakakaa. Gaspari, kwa kuwa ndiye mwanamume mkubwa wa nyumba, akachukua mrija, akamkabidhi na Venasi wake, ili waonje kwa niaba yetu. Alifanya vizuri. Nilimwona hata akitabasamu kidogo.

Venasi hakuupokea.

"Onja kwanza we," alisema. "Mutu anayekula na Babeleji, mi nitajuaje ameweka nini mule?"

Kijana mmoja wa wageni alicheka, akidhani ni utani. Akatazama huku na huku, akaona hakuna anayemfuata, akafunga mdomo. Nyuma ya pazia alikokuwa amekaa Felista nikasikia bangili zake zikinyamaza.

Gaspari akauvunja mrija wake vipande viwili. "Basi na mi sionji. Wageni wangoje uhuru wa Venasi uje uwaonjee."

Mzee Nzobonimpa aliupangusa mrija wake ambao haujagusa kitu, akaurudisha katika fungu, akasimama. Wote wakasimama.

Nikamkimbilia mlangoni. "Muzee, nakusihi. Haya ni maneno ya siasa tu."

"Siasa?" akasema. "Mama, hata mimi nina mtoto anayetaka uhuru jana, na mwingine anayesema mwakani. Wanapigiana kelele mpaka mbuzi wangu wamechoka. Lakini wanakula sahani moja. Hawa wako wanakula wapi?"

Sauti ya Felista ikatoka nyuma ya pazia: "Mwambie, Yaya. Kila mutu na saa yake."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Umewalea vizuri, binti yangu, na watu wote wanakusifu. Lakini hapo umewafundisha ugeni. Ubishi haujaharibu nyumba hii, zimeiharibu sahani mbili. Mtawala atakwenda, apende asipende. Watakaobaki ni huyu na huyu. Na watoto wa Felista watakwenda kwa wajomba gani, ikiwa wajomba wenyewe wanaogopana kuliko wanavyoogopa mgeni?" Akachukua fimbo yake. "Mtatuita. Lakini msituite mkiwa bado na sahani mbili."

Wakaondoka. Majirani walikuwa wamesimama kwenye vibaraza wakitazama watu waliokuja kuposa wakirudi bila harufu ya pombe midomoni. Felista hakulia. Alikunja kitenge nilichomshonea, akakirudisha sandukuni, akawageukia kaka zake.

"Mlikuwa mnatafuta kujitawala," alisema. "Haya, jitawaleni."

Kesho yake niliweka sahani moja. Ugali mmoja, ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na mboga ya lengalenga katikati. Nikawaambia, "Atakayekula atakula hapa, na mwenzake akiwapo. Asiyetaka, mikahawa iko Asiatique." Siku ile hawakugusa, na mimi sikugusa. Kisha njaa ikamleta Venasi, akala akiutazama ukuta. Gaspari akaja, akaketi upande upande kama mtu anayengoja gari. Wakaanza tena ubishi, nami safari hii sikuwazuia. Nikasema, "Bishaneni, lakini mkono uwe sahanini." Anayetafuna hawezi kupiga kelele sana, mwanangu. Lazima ameze, na akimeza anamsikia mwenzake.

Usidhani ilikuwa rahisi. Siku za kupiga kura zilikuwa zinakaribia, na mji ulikuwa kama sufuria yenye kifuniko. Malori yalipita na vipaza sauti. Jirani yetu mmoja alitupiwa mawe juu ya bati kwa kusema alichokuwa akisema Gaspari. Mwingine alifukuzwa kazi kwa kusema alichokuwa akisema Venasi. Kila jioni nilihesabu viatu mlangoni kabla ya kupumua. Na Felista alikuwa akipita kimya, hasemi na mtu, na posa yake haijulikani kama ipo au imekufa.

Siku ya kura walitoka asubuhi, mmoja akashika njia hii, mwingine ile. Walichochagua sikuwauliza, wala leo sikijui. Nilichokuwa nangoja ni kuona nani atarudi kula. Wakarudi wote wawili, wamechoka, vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa nimepika samaki mkubwa. Tukaanza kula. Kisha Venasi, bila kuinua macho, akakisukuma kichwa cha samaki upande wa kaka yake.

Gaspari akakichukua. Mimi nikageukia cherehani yangu, na uzi ukakataa kabisa kuingia katika sindano.

Tukawaita wakwe. Chungu kikawekwa, mirija ya tete ikagawanywa. Mzee Nzobonimpa akawatazama wale wawili, akauliza kwa sauti yake ya kutafuna, "Haya. Nani anaonja?"

Wakainama wote kwa pamoja, kwa haraka moja, vichwa vikagongana ko! Mrija wa Gaspari ukazama chunguni.

Venasi akashika paji la uso. "Uhuru huo, kaka! Kila mutu na kichwa yake!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akafuta machozi kwa kiganja. "Hapo sasa," akasema. "Vichwa viwili, chungu kimoja." Akainama akanywa bila kungoja aonjewe, na nyuma ya pazia bangili zikalia.

Bendera mpya ilipopandishwa tulikuwa pale sote, Felista akiwa na mumewe. Aliyelia ni Gaspari, yule wa tungoje. Venasi, yule wa leo leo, alisimama ameniminya mkono kwa hofu. Miaka iliyofuata ilitujaribu kwa mambo ambayo mdomo wangu bado haujayapatia maneno. Niliona neno lile la "onja kwanza" likitoka vyunguni na kuingia mitaani, jirani akimwogopa jirani. Lakini siku watu walipokuja mlangoni kwetu kumtafuta mmoja wa ndugu zangu, aliyewazuia mlangoni ni yule mwingine. Nani alikuwa nani sitakuambia, kwa sababu haina maana.

Basi shika hili, mwanangu. Usiogope ubishi. Nyumba isiyo na ubishi ama haina watu, ama watu wake wana hofu. Bishana na nduguyo juu ya nchi, juu ya serikali, juu ya kesho, na usimwombe afikiri kama wewe ndipo umpe chakula. Lakini siku utakapoona ni nafuu kumpakulia peke yake, amka, kaunganishe sahani. Siku hizi kila mtu anakunywa chupa yake yenye kizibo, hakuna wa kuonja. Ni safi, sikatai. Ila kizibo kisifike moyoni.

Mungu akupe ndugu wa kubishana naye mpaka meno yawatoke. Akupe mlango ambao yeye atasimama kwa ajili yako, nawe kwa ajili yake. Na chungu cha nyumba yako kisikauke, wala asitokee wa damu yako wa kuuliza nani ameonja.