Mbeleko ya Mtu Mzima

Asubuhi hii mlango wa karakana umefunguliwa nusu tu, na fundi wa kushona anayejulikana kwa jina la Mama Turubai ananing'inia hewani kama gunia kwenye mzani. Miguu yake haigusi sakafu. Macho ameyafumba.

"Shusha mabega, mama," Injinia, kijana mwembamba aliyeshika mpini wa mashine, anamwambia.

"Nimeshusha."

"Hujashusha. Shingo bado imekaza."

Anavuta pumzi ndefu, anaiachia. Mabega yanalegea kidogo. Kisha polepole, bila mwenyewe kutaka, yanapanda tena yalikotoka. Anafumbua macho na kucheka, lakini kicheko hakina raha.

"Umeona? Naulazimisha mwili ulegee, hautaki. Unaogopa kuanguka kuliko mimi mwenyewe."

Leo si siku ya kucheka. Mchana mashine hii ya kuinulia wagonjwa inarudi nyumbani kwa Mzee Mabati, aliyekuwa fundi wa kuezeka paa hadi alipoteleza na kupooza kuanzia kifuani kwenda chini. Mwanawe mkubwa naye anafika leo hii, na gari, kuja kumchukua baba yake. Kama mashine itafanya kazi, mzee atabaki kwake. Ikishindwa, ataondoka.

Mama Turubai ana miaka arobaini na sita. Zamani alishona maturubai ya malori na viti vya mabasi, ndipo lilipotoka jina. Siku hizi hushona sampuli: vitu ambavyo bado havijauzwa dukani, vinavyotengenezwa kimoja kimoja, vijaribiwe, vilaumiwe, vifumuliwe. Chuma cha mashine ni kazi ya Injinia. Kitambaa kinachomkumbatia mgonjwa ni kazi yake, na karakana nzima wanakiita mbeleko.

"Mtoto hubebwa mgongoni na mama yake," anasema. "Mtu mzima atabebwa na nani? Ndiyo maana tukaiita hivyo."

Malipo yake hugawanywa mara mbili. Nusu huipata sampuli ikikamilika, nusu nyingine mchoro wa mwisho ukitiwa saini kwenda kiwandani. Hii ni mbeleko ya nane. Saba zilizotangulia zimelala kwenye kapu chini ya cherehani yake.

Kabla ya kuchora hata mstari mmoja, watu wa karakana hii huenda kukaa nyumbani kwa watakaokitumia kitu chenyewe. Walikaa kwa Mzee Mabati wiki kadhaa. Waliona kwamba mlango wa chumbani ni mwembamba, na kwamba kitanda kimeinuliwa kwa matofali. Waliona jinsi mkewe alivyomkumbatia kifuani, akabana magoti ya mzee kwa magoti yake, akahesabu kimoyomoyo na kumvuta hadi kwenye kiti. Mzee ana kilo sabini na nne. Mkewe hafiki hamsini.

Na kila alipoinuliwa, mzee alisema, "Samahani." Injinia ndiye aliyelinasa hilo. Asubuhi samahani, adhuhuri samahani, jioni samahani. Alirudi karakanani akawaambia wenzake kwamba mashine yao ikimwondolea mzee neno hilo, itakuwa imefaulu.

Kisha mgongo wa mkewe ukasalimu amri. Daktari alimkataza kuinua hata ndoo ya maji. Watoto wakakaa kikao, wakaamua kwa nia njema kabisa: baba aende kwa kaka mkubwa, mji mwingine, ambako kuna wanaume wa kumbeba. Kule chumba ni kimoja na nyumba iko ghorofani, kwa hiyo mama akapumzike kwa binti yao. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mmoja huku, mwingine kule.

"Hawakuniuliza," anasema mke wa mzee. "Watoto wakikupenda sana wanasahau kukuuliza."

Mama Turubai ana kanuni moja, na hujivunia. Hakuna mtu anayeingia kwenye mbeleko yake kabla yake yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, husema. Mbeleko ya saba, iliyotangulia hii ya leo, aliilalia mpaka ikawa kama kiti chake cha mapumziko. Ilikuwa na mikanda miwili mipana, mmoja kifuani kupita chini ya kwapa, mwingine chini ya mapaja. Nyepesi na rahisi kuvalisha. Aliipenda.

Mzee Mabati naye aliisifu. Wiki iliyopita, siku ya jaribio la mwisho, mchoro ukiwa tayari kwenye mkoba wa Injinia ukisubiri saini, alipandishwa juu huku akitabasamu.

"Raha mustarehe!" alisema. "Maisha yangu yote nimekaa juu ya nyumba za watu, sijawahi kukaa juu hivi. Nzuri sana. Nzuri mno, wanangu. Hongereni."

Injinia alitoa kalamu. Mama Turubai hakutabasamu.

"Mtu akisifu kazi yangu mara tatu kabla sijamuuliza, moyo wangu unaingia wasiwasi," anaeleza. "Nikaacha kumsikiliza, nikaanza kumtazama."

Alitazama mikono. Mzee alikuwa amepitisha viwiko vyake juu ya mikanda, amekunja ngumi, na mishipa ya shingo imesimama. Mkewe naye alikuwa amesimama mahali pasipo na maana, katikati ya mume wake na Injinia, kama mtu anayeziba dirisha.

Chai ilikuwa mezani. Mama Turubai akamimina kikombe.

"Mzee, chai."

"Baadaye, mwanangu."

Nyumba ile wanaijua. Mzee Mabati hajapata kukataa chai hata siku moja.

"Kunywa sasa hivi, mzee. Kwa mikono miwili, kikombe ni cha moto."

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chini. Kikombe kilikuwa mbele yake, na watu wote walikuwa wanasubiri. Akaachia viwiko, akanyoosha mikono.

Akateremka. Kiwiliwili kilipita ndani ya ule mkanda wa kifuani kama mkono unavyopita ndani ya shati, makalio yakashuka katikati ya mikanda miwili, na mkanda wa juu ukapanda hadi kooni. Kikombe kikaanguka. Injinia aliruka kwenye mpini wa kushushia, na hapo ndipo wote walipokumbuka kwamba mashine waliitengeneza ishuke polepole, kwa usalama wa mgonjwa. Ilishuka polepole kweli. Mama Turubai alijitupa chini yake, akaweka bega kwenye mapaja ya mzee, akamsukuma juu kwa nguvu zake zote mpaka kiti kilipompokea.

Mzee alikohoa kwa muda. Kisha akasema, "Samahani."

Mkewe akaanza kulia. Alimfungua mumewe shati, na kwenye kwapa kulikuwa na michubuko, mingine mibichi, mingine imeshaanza kukauka. Walijua. Walijua tangu siku ya kwanza.

"Tulikubaliana asiachie mikono," alisema mama wa watu. "Tukisema haifai, mtaichukua. Mkiichukua hiyo, na yeye anachukuliwa."

Mama Turubai hafichi kwamba alipandwa na hasira. "Nilitaka kumgombeza mzee wa watu kama mtoto. Angekufa! Angekufa mikononi mwangu, ndani ya mshono wangu, kwa sababu ya adabu! Halafu nikajiuliza, nani kamfundisha kutudanganya? Ni sisi. Kila tukienda tunamuuliza, 'Nzuri, eh? Iko vizuri, eh?' Ukimuuliza mtu hivyo nyumbani kwake, na wewe umembebea mashine, atakujibu nini?"

Swali la pili lilimuuma zaidi. Yeye aliyeingia kwanza siku zote, mbona hakuteleza?

Jibu lilimjia akiwa njiani kurudi nyumbani, akalazimika kusimama. Mgongo wake ni mzima. Kila aliponing'inia, misuli ya tumbo na kiuno ilikaza bila kumwomba ruhusa, ikamshikilia. Mwili wake ulikuwa unaisaidia mashine kimyakimya, na mashine ikapata sifa zisizo zake.

"Kitanda nilikilalia," anasema. "Kunguni ndio walinihurumia."

Injinia alimweleza mkuu wa karakana siku hiyo hiyo, bila kuzungukazunguka. Mchoro haukutiwa saini. Mkuu akauliza lini nyingine itakuwa tayari. Mama Turubai akamjibu kwamba siku atakayokuja kaka mkubwa, ndiyo siku hiyo.

Akachukua ovaroli kuukuu, akaijaza mchanga na matambara yaliyoloweshwa hadi ikafika kilo sabini na nne. Mafundi wakaiita Shemeji, kwa kuwa inalala tu na haisaidii kazi. Kwenye mbeleko ya saba Shemeji alianguka kila alipopandishwa, kwa kishindo kilichowanyamazisha hata waliompa jina.

Mbeleko ya nane ni tofauti. Mgongo wake unapanda hadi mabegani. Chini ina ndimi mbili zinazopita chini ya mapaja, zinapishana katikati ya miguu, kisha zinafungwa mbele, mwili ukae kama kwenye kiota. Shemeji alipandishwa, akatikiswa, akainamishwa. Hakuondoka.

"Lakini Shemeji hana ngozi," anasema Mama Turubai huku akifunguliwa bizimu na Injinia, miguu yake ikigusa sakafu. "Hana haya, na hana mtu anayeogopa kutengana naye. Twende."

Mchana, chumba cha Mzee Mabati kimejaa. Kaka mkubwa amesimama mlangoni, mtu wa miraba minne, funguo za gari ziko mkononi. Begi la baba yake liko tayari kando ya kitanda. Hana uso mbaya. Ana uso wa mtu aliyechoka kuwa mkubwa wa familia.

"Mimi nataka baba awe salama," anasema. "Nimeambiwa yaliyotokea wiki iliyopita. Hebu niwekeeni wazi."

"Utajionea," Injinia anamjibu. "Sisi hatugusi mashine. Ni mama peke yake."

Mke wa mzee anamgeuza mumewe ubavu, anaingiza kitambaa, anamrudisha, anapitisha ndimi moja baada ya nyingine. Bizimu ya pili inamponyoka mara mbili. Anapampu mpini. Hakuna kilo hata moja inayopita kwenye mgongo wake. Kitanda kinabaki chini, na mzee anapanda. Viwiko vyake, kwa mazoea, vinatafuta mikanda ya kushikilia.

"Mzee," anasema Mama Turubai. "Chai."

Anampa kikombe, kisha anapiga goti karibu na mapaja yake, bega tayari. Injinia amemsogezea kiti kwa chini. Mzee anakitazama kikombe kama mtu anayetazama chini kutoka kwenye paa lenye unyevu. Anaachia kiwiko cha kwanza. Anaachia cha pili. Anakishika kikombe kwa mikono miwili.

Hateremki.

Anakunywa. Mama Turubai bado amepiga goti, na hasemi "nzuri, eh?" Anauliza kitu kingine.

"Nionyeshe panapouma, mzee."

Mzee anamtazama mwanawe, anaziona zile funguo. Anamtazama mkewe, ambaye anatikisa kichwa kidogo sana: usiseme.

"Hapa," anasema mzee mwishowe. "Nyuma ya bega la kulia. Kuna mshono unanikwaruza." Anapiga funda jingine. "Na chai haina sukari."

Mkewe anajishika mdomo. Kaka mkubwa anazunguka mashine, anapitisha kidole chake kinene nyuma ya bega la baba yake, anaupata mshono wenyewe.

"Ni kweli, unakwaruza," anasema. "Unatengenezeka?"

"Kabla hujamaliza chai yako," anajibu Mama Turubai.

"Mama, mshushe. Halafu mpandishe tena, nikuone."

Anamshusha. Anampandisha tena, na safari hii bizimu hazimponyoki. Mzee hasemi samahani. Analalamika kwamba amesahauliwa hewani, na anauliza kama wameshamgeuza taa. Mkewe anacheka na kulia kwa pamoja.

Kaka mkubwa anaweka funguo mezani, karibu na sukari. Anauliza kama na yeye anaweza kujaribu mbeleko, ajue baba yake anasikia nini.

"Wewe una mgongo mzima," Mama Turubai anamkatalia, huku akikata nyuzi kwa meno. "Utatudanganya bila kujua. Mimi mwenyewe nilidanganya hivyo hivyo."

Mchoro utatiwa saini mshono ukishahamishwa na mzee akishaulaumu tena, na hapo ndipo Mama Turubai atapata nusu ya malipo yake iliyobaki. Baada ya hapo anataka kushona mbeleko ndogo, ya watoto wasioweza kukaa. Watoto hawana adabu ya kusifu, anasema, wataulilia mshono mbaya papo hapo, na ndio mabosi anaowataka.

Kaka mkubwa anainama, analichukua begi la baba yake kando ya kitanda, na kuanza kurudisha nguo kabatini moja moja.