Maziwa ya Mashineni

Pumba mbichi za mpunga zina harufu ya jua na gunia, na ukizivuta sana koo linawasha mpaka machozi. Nikizisikia tu narudi Ifakara, msimu ule wa mavuno, kwenye mashine ya kukoboa ya Baba Neema, alikokuwa akifagia na kupepeta mama yangu. Banda lilikuwa na mlango mmoja. Jioni watu walitoka weupe hadi kope. Dawa yao ilikuwa maziwa: Baba Neema aliwanunulia kila siku, akiamini yanaosha vumbi kifuani, na wote waliamini. Mama alinipa mimi ya kwake. Shule niliishia katikati, lakini mwili huu, kwa maziwa yale, niliujenga hadi mwisho.

Msimu ule mama akaanza kukohoa. Alikoholea ndani ya khanga, maana mwenye kikohozi aliambiwa akapumzike, na hakuna aliyewahi kuitwa arudi. Sisi ugali wetu ulitoka kwenye mashine ile. Siku moja Baba Neema akamsikia.

"Mama Devota, hicho kifua tangu lini?"

"Vumbi tu, bosi. Nikinywa maziwa kitatulia."

"Si umekunywa msimu mzima?"

"Kanywa huyu," akanisonta. "Hebu mtazame mashavu."

Watu wakacheka, mimi wa kwanza. Baba Neema hakucheka. Akazima mashine, wateja kutoka Mngeta wakinung'unika juu ya magunia yao, akatupakia wote kwenye pikapu mpaka hospitali. "Vumbi hili nimelila kuliko nyie," akasema. "Naanza kupimwa mimi. Atakayekutwa na TB atatibiwa, na nafasi yake ipo."

Mama alikutwa nayo. Nesi akamweleza bosi kwamba vumbi halileti TB lenyewe, ila linachosha mapafu, na banda lisilopitisha hewa linawagawia wote TB ya mmoja. Wiki hiyohiyo akabomoa ukuta wa nyuma, bomba la pumba likaelekezwa nje. Mama alimeza dawa hadi mwisho, akarudi kwenye ufagio wake. Maziwa yaliendelea, ila sasa yalikuwa ya njaa tu.

Leo nina mashine yangu ndogo Mang'ula, banda wazi pande mbili. Wateja wanasema nimejenga goli. Juzi nikamwona Shabani, mpakiaji wangu, anakoholea ndani ya kofia.

"Mafua tu, Dada Devota."

"Mafua hayafichwi kwenye kofia. Tangu lini?"

Akaikunja kofia akaitia mfukoni. Nikazima mashine.

"Na wateja?" akauliza.

"Watasubiri. Kazi yako ipo. Panda pikapu, naanza kupimwa mimi."