Kisu Kilichobaki kwa Albertine

Ukimpa Albertine kisu, atakirudisha. Mpini ukiwa mnene atasema huo ni wa shoka. Ukiwa mwembamba, atakuuliza kama ulitaka kumpa sindano. Vile vya dukani vyenye mpini wa plastiki havigusi kabisa, kwa sababu mafuta ya biva, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa, yakishaingia kiganjani vinateleza na kumgeukia mwenyewe. Wanaume wa hapa mtoni hununua kisu kwa urefu, wapate cha kuning'iniza kiunoni, na Albertine huwacheka. "Unakwenda kuchuna kicheche au kupigana na dubu?" Kwake kisu cha kuchuna hakizidi urefu wa kidole. Kiwe na tumbo lililopinda kidogo, ncha iliyopunguzwa ukali isitoboe ngozi, na makali ya kunyoa nywele za mkono. Kisu butu, atakuambia, ndicho kinachokata watu, maana unakilazimisha.

Nimekaa nyumba ya pili kutoka kwake tangu niolewe, kwa hiyo namjua, na ukaidi wake naujua. Kati yetu Wadene, wenyeji wa asili wa misitu hii ya kaskazini, kijijini hapa hakuna aliyemshinda kwa kuchuna wanyama wa mitegoni, isipokuwa dada yake mkubwa, Eulalie. Na Eulalie alikufa kwa kifua theluji ilipoanza kuanguka.

Kwetu mtu akifa, vitu vyake vya mkononi vinachomwa: nguo, kikombe, kisu. Hatufanyi hivyo kwa ukatili. Marehemu ana safari, na kitu chake kikibaki nyuma atarudi kukitafuta. Moise, mume wa Eulalie, aliwasha moto ukingoni mwa mto, tukaulisha moto chai na samaki mkavu viwe chakula chake cha njiani, kila mtu akaleta alichokuwa nacho cha marehemu. Albertine alileta ala ya kisu cha dada yake, imeshonwa mdomo. Ndani alikuwa ametia kipande cha mti. Nani angefungua? Nani angemshuku ndugu wa damu?

Basi Moise akaanza kuota. Usingizini Eulalie alikuwa ameketi mlangoni pa hema, kicheche mapajani, anamchuna kwa kucha. Hasemi neno. Moise aliamini kuna kitu amesahau kukichoma, akaanza kutafuta. Akachoma skafu iliyokuwa nyuma ya kitanda. Ndoto ikarudi. Akachoma blanketi walilolalia, kisha birika, kisha hatamu za mbwa wa kuvuta sleji ya theluji alizozishona mkewe, mbwa wakabaki wamefungwa kamba. Mwanzoni watu walimcheka. Alipochoma koti lake la manyoya na kuanza kutembea na kikoti cha kiangazi katika baridi ile ya kupasua miti, tuliacha kucheka. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

Siku moja mchana nilikuwa kwa Albertine, yeye anachuna, mimi nakunywa chai yake, Moise akaingia. Albertine akavuta ngozi haraka akafunika mkono.

"Shemeji, kuna chai?"

"Chai haikosi hapa. Koti liko wapi?"

"Alilishona yeye."

"Tumbo lako pia alilishibisha yeye kwa kulipikia," nikamwambia. "Mbona hujalichoma?"

Akatabasamu kidogo, akakaa, na tabasamu likamtoka. "Imebaki nyumba, Sidonie. Kuta zile aliziziba nyufa kwa kuvumwani, kwa mikono yake. Kesho naichoma."

"Utalala wapi, mtu mzima?" Albertine akauliza.

"Nilale ili iweje? Nikilala namwona. Kucha zinavuja damu, Albertine. Mke wangu anachuna kwa kucha!" Akalia mbele yetu, mdomo wazi, kama mtu asiyejua kwamba analia.

Alipotoka niliifunua ile ngozi. Kisu cha Eulalie nakijua. Mpini wa pembe, umelainika kwa miaka ya kushikwa.

"Vidole vyangu," Albertine akasema upesi. "Unaona vilivyopinda kwa baridi yabisi. Hakuna kingine kisichoniuma."

"Usinifanye mjinga."

Alikifuta kisu kwa upindo wa gauni. "Nikikishika anakuja," akasema. "Anasimama hapa nyuma yangu, nasikia pumzi yake. Nikikosea ananigunia, vilevile kama zamani. Siogopi, Sidonie. Ndiyo saa pekee ambayo siko mpweke."

Kati ya kiti chake na ukuta palikuwa na nafasi ya mtu kusimama, na ndipo nilipotambua kwamba majira yote yale ya baridi sikuwahi kupita pale. Nilikuwa nazunguka meza.

"Na kwa Moise anakwenda kutafuta nini?"

"Kisu," akasema. "Huku anakiona, lakini mimi simpi."

Kesho yake jua lilipochomoza kidogo juu ya misonobari, Moise alikuwa nje ya nyumba yake na dumu la mafuta ya taa. Watu walimsihi, wapi! Albertine akaja akipasua katikati yao, kisu juu ya kiganja kilicho wazi, kila mtu akione.

Moise alikitazama mpaka nikadhani atampiga. "Mwizi wewe," akasema. Kisha, taratibu: "Na vidole vyako je?"

"Achana na vidole vyangu. Washa moto."

Albertine aliomba tumpe kitambo. Akachuchumaa karibu na moto, akakishika kisu kama anayeanza kazi, nasi tukarudi nyuma. Alikuwa anasema na mtu. Sikusikia maneno, na sikutaka kuyasikia. Kisha akakitia motoni. Pembe ilinuka kama nywele zinazoungua, na chuma kilipopoa tulikitumbukiza mtoni kupitia tundu la barafu. Moise alilala sakafuni pangu mchana ule, akakoroma mpaka asubuhi, mbwa wakibweka na asisikie. Hajaota tena. Nyumba yake ipo.

Albertine alijinunulia kisu dukani, akafunga mpini kwa ngozi, akakilaani. Juzi nilimpelekea mkate. Nilifungua mlango polepole, mikono imejaa, nikamkuta ameketi kwenye kiti kilekile, amenipa kisogo, kicheche mezani hajaguswa. Mabega yake yakainuka.

"Dada?" akaita, kwa sauti ya mtoto mdogo.

Kweli nilitamani kunyamaza, nimwachie hata dakika moja.

"Ni mimi tu," nikasema.

Hakugeuka. "Funga mlango," akaniambia. "Baridi inaingia."