Gapi wa Maji Magumu

Dada yangu hakunificha alichotaka. Alisimama mbele ya tangi langu la samaki, akalipima kwa viganja, akasema, "Hapa mandazi yataingia vizuri. Mteja anayaona, nzi hawayafikii."

Samaki walikuwa bado ndani. Yaani wale waliokuwa hai.

Nilikuwa nimetoka Jinja kuja Mbale, huku huku Uganda, kumsaidia kuendesha hoteli yake ya chakula, mtaa wa Malukhu. Hoteli yake, sufuria zake, wateja wake, wengi wao madereva Wakenya wenzetu waliotaka ugali wa mtu anayeujua ugali. Mimi nilikuja na begi la nguo na lile tangi. Nilipewa na tajiri wangu wa Jinja, Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa katikati ya mji, siku alipofunga duka na kwenda kuishi kwa wanawe. Miaka yote niliyomfanyia kazi mimi ndiye niliyewalisha samaki wake, naye akaniambia nichukue kila kitu: kioo, mchanga, majani na samaki wenyewe. Katika hoteli nzima hicho ndicho kitu pekee ambacho dada hangeweza kusema ni chake. Kwa hiyo alipotaja mandazi, nilipandwa na hasira.

"Nipe mpaka Krismasi," nikamwambia. "Samaki wakizaa hapa, tangi linabaki lao. Wasipozaa, lete mandazi yako."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Samaki wanakufa, mimi naleta habari za kuzaa.

Walikuwa wale wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka ubavuni, warembo kupindukia, na kwa tajiri wangu waliishi raha mustarehe. Nilipohama niliwabebea maji yao ya Jinja kwenye jerikeni. Maji yalipopungua nikaongeza ya kisima cha nyuma ya hoteli, na hapo msiba ukaanza. Nikaona maji ni machafu. Nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya akiyatilia maji shaka: nikayachemsha, nikayapoza, nikayachuja kwa kitambaa safi, nikawapa samaki kama ninayemhudumia mtoto mchanga. Wakazidi kufa. Kulikuwa na askari aliyekula kwetu kila mchana, tukimwita afande tu, na kila akiingia aliinama kwenye kioo na kutoa ripoti.

"Madamu, leo ingine mbili nakufa," alitangaza siku moja. "Wewe napikia samaki maji, lakini samaki yenyewe hapana pika. Hii kazi gani?"

Hoteli nzima iliangua kicheko. Hata mimi ningecheka kama tangi lingekuwa la mtu mwingine.

Jibu lilikuwa jikoni siku zote hizo. Nilikuwa nasugua birika kubwa la chai nikakutana na ukoko mweupe chini yake, mgumu kama plasta ya ukuta. Nilisugua kwa mchanga, nikakwangua kwa kisu, haukubanduka. Ndipo nikakumbuka kwamba birika langu la Jinja halikuwahi kuota kitu kama hicho. Nikaanza kuunganisha mambo. Sabuni ya Malukhu haitoi povu mpaka uitukane. Maharagwe yanakula makaa kutwa nzima. Maji haya hayakuwa machafu hata kidogo, yalikuwa magumu, yamejaa chokaa, na wale warembo wangu walikuwa wa maji laini. Nilikuwa nahangaika kubadilisha maji ili yawafae samaki, na kisima hakiendi popote! Wa kubadilishwa walikuwa samaki.

Tena majani ndani ya tangi yalikuwa yakiniambia. Yale marefu membamba kama ukanda, ambayo Jinja yalidumaa, hapa yalikuwa yamefika juu ya maji na kuanza kujikunja, kwa jinsi chokaa ilivyoyafaa. Nilijiona mjinga kwa dakika chache, kisha nikajiona mwenye akili kuliko wote Malukhu.

Nikajaza jerikeni maji ya kisima chetu, nikawatia samaki waliosalia kwenye mfuko, nikaondoka kwenda Jinja. Kondakta aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia maji. Abiria wakageuka kumtazama mwanamke anayepeleka maji Jinja, mji uliokaa kando ya Nile.

"Kwani huko yamekwisha?" mama mmoja aliniuliza kwa upole, kama anayesema na mgonjwa.

Niliwaacha wacheke. Nilijua ninachofanya, na raha ya kujua ilinitosha.

Huko Jinja, mtaa wa Mpumudde, kulikuwa na mfugaji wa samaki niliyemfahamu tangu enzi za tajiri wangu, mtu aliyejaza ua wake mabeseni na matangi ya saruji. Aliwapokea wale wa mstari wa buluu kwa furaha, tukakubaliana tubadilishane. Kisha akaanza kunionyesha mali yake. Kwanza akanichotea nkejje dume, samaki wa ziwani ambaye wengi wetu tunamjua akiwa amekaushwa, anauzwa sokoni kwenye vijiti. Huyu alikuwa hai, buluu na nyekundu, anang'aa kama kitenge kipya. Nikakataa. Tajiri wangu aliwahi kuweka mmoja kama yeye, na kufikia jioni alikuwa ameng'oa majani yote na kuwabana wenzake pembeni, eti anajenga nyumba. Mimi nilitaka samaki wanaojua kuishi na jirani.

Tukafika kwa gapi, wale samaki wadogo wa mapambo. Hao ndio niliowafuata, kwa sababu hawatagi mayai, wanazaa watoto wanaoogelea papo hapo, na nilikuwa nimesikia kwamba maji ya chokaa hayawasumbui. Akanipa dume mwenye mkia mpana kama gauni la bibi harusi. Nikamtazama akiogelea. Kila alipogeuka, mkia ulimvuta nyuma. Huyu ni wa kupigwa picha, nikasema, si wa kuzalisha. Nikachagua madume wepesi wenye mkia wa kiasi, na majike vijana, mgongo umenyooka, tumbo limejaa vizuri. Majike nikataka wawe wengi kuliko madume, maana dume wa gapi hana adabu, atamfukuza jike mmoja mpaka amchoshe.

"Sasa wajaribiwe," nikasema, nikafungua jerikeni.

Tuliwaweka kwenye beseni, nikawa nawaongezea maji ya Malukhu kidogo kidogo. Mfugaji alishika kichwa.

"Eh, nyabo! Hata samaki nafanya intavyu?"

"Ndiyo, na wengine watakosa kazi."

Nikakaa kwake nikanywa chai, bila haraka. Waliokunja mapezi na kuhemea juu ya maji nikawarudisha. Waliotandaza mapezi, wakagombania chakula nilichowatupia, hao ndio nilioondoka nao.

Niliporudi Malukhu, afande akakosa ripoti ya kutoa. Alikuja, akainama, akahesabu, akaenda kula. Majike wakanenepa. Dada alianza kupita karibu na tangi akiwa na sababu zake, mara anafuta meza, mara anatafuta kijiko, nami nikajifanya simwoni.

Krismasi ilikuwa imekaribia, hoteli imejaa saa ya chakula cha mchana, nilipomsikia ananiita kwa sauti ambayo sikuizoea. Nilidhani mafuta yameshika moto. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya tangi, mwiko mkononi. Katikati ya majani kulikuwa na vitoto vyembamba kama sindano, macho tu. Tukiwa tunatazama, jike akaachia kingine. Kilitoka kimejikunja, kikajinyoosha, kikakimbilia majanini.

"Mmalukhu halisi!" nikapiga kelele. Nikapiga na vigelegele, tena vya nguvu, na sioni haya mpaka leo. Afande akasimama akapiga saluti. Madereva wakaacha sahani zao, wakajazana kwenye kioo, wakinyoosha vidole vyenye mchuzi, wakigonga, wakibishana yupi ni mama.

Dada akainuka. Hakunitazama. Akafungua leso yake kiunoni, akaikung'uta unga, akaitandaza juu ya kioo mpaka chini.

"Rudini mkale," akawaambia. "Na mpunguze sauti. Kuna mzazi hapa."