Nimefika kwenye pango la Kyela ambalo mama wa bibi yangu alijificha na baba mkwe wake

Mugonile wakuu.

Mimi si mtu wa kuanzisha nyuzi, huwa nasoma za wenzangu na kupita zangu. Ila hii nimeshindwa kukaa nayo.

Sehemu yake nimeiona kwa macho yangu. Sehemu nyingine niliisikia kwa bibi mzaa mama, na yeye alikuwepo siku ya tukio, ingawa alikuwa mchanga wa kubebwa mgongoni. Sitii chumvi. Yeye mwenyewe alisimuliwa na mama yake, na mama yake hakuwa mtu wa maneno mengi.

Twende.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulipanda kwenye hifadhi ya msitu iliyoko mlimani, juu ya Makwale. Tulikuwa na muongozaji wa hifadhi, maana huko huendi kichwakichwa. Miti ni mikubwa, utelezi mtupu, halafu ghafla ardhi inapasuka na mnatazama korongo.

Kuta za mawe huku na huku. Chini kuna mto unaunguruma mpaka mnaongea kwa kupaza sauti.

Mapango yapo kadhaa. La kwetu nililijua kwa maelezo ya bibi: lipo juu kidogo ya maji, na mlangoni kuna jiwe kama ng'ombe aliyelala.

Nikaingia kwa magoti. Popo wakanipita usoni, nusura nitoke kinyumenyume. (Mke wangu alicheka sana, tuyaache hayo.)

Wakuu, lile pango ni dogo! Watu wazima wawili wakikaa humo, miguu inagusana. Nikakaa chini, sikutaka kutoka.

Ngoja niwaeleze kwa nini.

Mama wa bibi yangu aliitwa Subilaga. Wakati huo Mjerumani bado anatawala, lakini vita vyake na Mwingereza vimeshafika kwetu. Waingereza walikuwa wamevuka mto Songwe, na askari wa Mjerumani wakawa wanarudi nyuma kuelekea milimani. Kila kijiji walichopita walikamata watu wa kuwabebea mizigo. Mzee, mwanamke, hawakuchagua. Waliobebeshwa mizigo wengi hawakurudi.

Asegelile, mume wa Subilaga, alikuwa ameenda ufukweni mwa ziwa kwa Wakisi, watu wa ufinyanzi, kubadilisha ndizi kwa vyungu. Hajarudi. Asubuhi moja watu wakapiga kelele kwamba askari wanakuja. Kila mtu akakimbilia upande wake. Subilaga akamfunga mtoto mgongoni, akapanda msituni peke yake, mvua inanyesha, akaingia kwenye lile pango.

Haikupita muda akasikia mtu anapanda anahema. Akachungulia.

Baba mkwe wake.

Sasa kwa wasio Wanyakyusa: zamani kwetu, mke hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake kabisa. Akimwona njiani, anaingia kichakani. Hamtaji jina, hata neno linalofanana na jina lake analikwepa. Nyumba aliyomo yeye, huingii. Ukivunja, watu waliamini unaweza kukosa uzazi au mtoto wako akafa. Sio jambo la kuchekeana.

Mzee alipogundua aliyemo ndani ni nani, akageuka palepale. Akaenda kusimama nje kwenye mvua, uso ameelekeza kwenye jabali.

Na kutoka pale Subilaga aliwaona askari chini, ng'ambo ya mto, wanashuka kwenye njia. Wakiinua macho tu, wamemwona mzee. Wakimwona mzee, wamewapata wote.

Hawezi kumwita. Hawezi kumgusa.

Ndipo akamshusha mtoto mgongoni, akamweka mapajani, akamwambia kwa sauti ya kusikika nje:

"Mwanangu, mwambie babu yako aingie. Mwambie mama yako amefunika uso."

Mzee naye akamjibu mtoto:

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako babu anaogopa kukuletea balaa."

"Mwambie balaa hilo linashuka njiani, lina bunduki."

Mzee akaingia. Kinyumenyume.

Nimekaa pale wakuu, ndiyo maana nawaambia. Hakuna kona ya kukimbilia. Walikaa mgongo kwa mgongo, Subilaga amejifunika nguo kichwani, mzee anatazama jiwe.

Mtoto akaanza kulia. Subilaga anamnyonyesha, maziwa hayatoki, hofu imeyakausha. Sauti za askari zinasogea, wamefika mtoni wanakunywa maji. Anamziba mtoto mdomo, anamwachia, anamziba tena. Bibi akisimulia, alikuwa akifika hapa anajishika shingo.

Mzee alikuwa amekimbia na kibuyu cha maziwa mgando. Akakiweka chini, akakisukuma nyuma kwa fimbo yake bila kugeuka.

"Mjukuu wangu, kunywa."

Subilaga akachovya kidole, akampa mtoto anyonye. Akachovya tena. Mtoto akatulia, na yule mtoto ndiye bibi yangu.

Askari walikunywa maji yao, wakajaza vyombo, wakavuka na kupanda, njia yao ikipita chini ya pango. Hakuna aliyeinua macho.

Wakabaki humo mpaka mchana mvua ilipokatika. Lakini mto ulikuwa umejaa, na njia ya kurudi lazima uvuke. Mzee akatangulia, akafika upande wa pili, akamnyooshea fimbo. Subilaga akaishika, akaingia majini. Katikati mguu ukateleza, fimbo ikamtoka.

Mzee akarudi majini. Akamshika mkono, akamvuta mpaka ukingoni, mtoto bado mgongoni.

Walikaa pale kwenye mawe, kila mmoja anatazama kwake, wote wawili wanalia. Hawakujua wanalia kwa kupona au kwa kuvunja mwiko.

Walipofika kijijini wakakuta baadhi ya nyumba zimechomwa, migomba imekatwa. Yao imesimama. Na jioni yake Asegelile akatokea! Wafinyanzi wa Kikisi walimficha kwenye lundo la nyasi za kuchomea vyungu, askari wakapita pembeni yake. Bibi alisema mama yake alimshika uso mumewe akawa anamkagua kama anayenunua ng'ombe.

Mzee mwenyewe ndiye aliyesema mbele ya ukoo kilichotokea, hakusubiri aulizwe. Akatoa fahali, watu wakala, na ukoo ukakubali kwamba kuanzia siku ile Subilaga amsalimie kama baba.

Watu wakangoja balaa. Balaa halikuja. Bibi yangu aliishi mpaka akaona vitukuu, na Subilaga alizaa wengine baada yake.

Nilichojifunza mimi: wazee wetu walikuwa na miko mizito, ila walipobanwa hawakuitupa wala hawakukubali iwaue. Walitafuta pa kupenya. Sisi siku hizi mara nyingi tunajua njia mbili tu, kufuata kama vipofu au kudharau.

Nilipotoka pangoni nilikuta jua limewaka juu ya miti. Mke wangu akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia nimemkumbuka bibi.

Kuna siku nilimuuliza, hivi mama yako aliogopa nani zaidi, askari au baba mkwe? Akacheka mpaka machozi.

"Baba mkwe. Askari wangepita. Mkwe angerudi naye nyumbani."

Ndaga fijo kwa kusoma. Wa Busale, Makwale, Ikombe na kwingineko, kwenu wazee walijificha wapi vita vile? Na hii miko ya wakwe bado mnaiona, au imebaki stori? Mwageni hapa, nipo nasoma.