Koti la Sajini na Viroboto Wake

Agnes Keji hakwenda Koboko kusalimia mtu. Alifuata mtoto wa mbwa. Kule Ayivu alikoolewa, wezi walikuwa wamekwisha kumkatia kamba za mbuzi mara mbili tangu mbwa wake afe kwa uzee, na mbwa wa kwa marehemu kaka yake, Sajini Soka, walijulikana tangu zamani: hawaumi mtoto, hawamwachi mwizi.

Alimkuta Duku, mwana wa Soka, akitembea uani kifua mbele kama mtu anayekagua gwaride. Duku huyu hakuvaa sare hata siku moja maishani. Aliuza tochi na betri sokoni. Lakini ukimsikiliza, ungedhani vita vyote alipigana yeye.

"Karibu, shangazi. Lakini mutoto ya mbwa imebaki moja tu. Ile ingine imekufa."

"Imekufa na nini?"

"Magonjwa ya hewa tu."

Keji aliinama, akamfunua mdomo yule aliyebaki. Ufizi ulikuwa mweupe kama uji wa muhogo. Akatenganisha manyoya ya tumboni, na viroboto wakatimka kama wachuuzi walioona askari wa jiji.

"Hewa!" Keji akacheka kwa pua. "Hewa yako iko na miguu, Duku. Tena inaruka."

Duku akaingia ndani, akatoka na mali yake yote: sabuni ya mbwa ya kutoka Arua, poda, kitana. Kila Jumamosi alimwogesha mama mbwa, Komanda, mpaka akang'aa.

"Ona, shangazi! Hata bibi yangu haiogi na sabuni ya bei hii."

Scovia, mkewe, alikuwa akipepeta maharage. "Hiyo ni kweli kabisa," akasema bila kuinua kichwa.

"Sasa, ukimaliza kuogesha," Keji akauliza, "Komanda inalala wapi?"

Duku akaonyesha chini ya ghala la nafaka lililosimama juu ya nguzo, kwa fahari. Palitandikwa koti zito la jeshi la baba yake. "Mbwa ya sajini inalala juu ya nguo ya sajini. Hiyo ni heshima." Na koti halikufuliwa tangu mzee azikwe, harufu yake isije ikapotea.

Keji alilinyanyua kwa kijiti. Mishono ilijaa vumbi jeusi. Akalidondoshea maji kidogo, na lile vumbi likageuka jekundu.

"Unaona? Hii mavi ya viroboto ni damu ya watoto ya mbwa. Wewe unaogesha Komanda, inarudi kulala na viroboto na mayai yao. Heshima gani inakunywa damu? Leta pipa, tuchemshe."

"Hapana! Hii koti baba alipigana nayo!"

"Baba yako?" Keji alijinyoosha, mkono kiunoni. "Siku tulikimbia vita kwenda Zaire, baba yako alivua hii koti barabarani, akatupa kwa mtaro, watu wasijue iko askari. Mimi niliokota. Mvua ilikuwa inapiga, na mimi nilikuwa na mutoto mgongoni. Hiyo mutoto ni wewe! Ulikojolea hii koti mpaka kambi ya wakimbizi. Nilichemsha kila wiki, na kaka yangu hakulia juu ya harufu hata siku moja."

Scovia aliangusha ungo kwa kicheko. Duku alilibeba koti kwa mikono miwili kama mtu anayebeba maiti, akalitia mwenyewe pipani.

Walifagia chini ya ghala, takataka wakazitia moto, na poda ikanyunyizwa pale, maana Keji aliona ni kali mno kwa mbwa mchanga. Huyo alimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, akamchana asubuhi na jioni, akiwaponda viroboto kwa ukucha na kuwatukana mmoja mmoja. Alikaa Koboko mpaka ufizi ukarudi rangi na mtoto wa mbwa akaanza kung'ata viatu vya Duku. Hapo akasema, "Sasa hii ni mbwa ya kaka yangu kweli."

Siku ya kuondoka, Keji akiwa amekwisha kupanda pikipiki ya boda na kikapu cha mbwa mapajani, Duku akamletea lile koti, limefuliwa na kukunjwa.

"Chukua, shangazi. Tandikia mbwa."

"Mbwa yangu italala kwa majani makavu, nikitaka nachoma. Koti funga kwa sanduku," akasema Keji. "Na ile sabuni ya bei, Duku, patia bibi yako."